Vipele vya ndevu: wembe, dawa za kupaka na twahara ya Muislamu



Ndugu msomaji, sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), aliyetupa mwili huu uwe amana mikononi mwetu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyetufundisha usafi wa kila kiungo, hata kucha na kwapa. Leo katika safu yetu tuna somo ambalo wengi wanalidharau kwa kuwa haliui mtu, lakini wanaosumbuliwa nalo wanajua linavyoumiza. Nakusudia vile vipele vinavyotoka kidevuni, shingoni, kwapani na kinenani baada ya kunyoa.

Nitaanza na kisa. Alikuja zahanati kijana wa miaka 24, mlinzi katika kampuni moja ya ulinzi. Joto lilikuwa kali, lakini amejizungushia skafu shingoni mpaka kidevuni. Nilipomwomba aivue alisita. Chini ya skafu niliona shingo yenye vipele vyeusi vigumu, vingine vina usaha, na baina yake ngozi nyembamba iliyopauka kama imemwagiwa maji ya moto. Alisema kazini wanatakiwa kunyoa ndevu kila siku. Vipele vilipoanza, rafiki yake alimwelekeza krimu fulani ya duka la dawa, akaipaka asubuhi na jioni kwa miezi minane. Mwezi wa kwanza aliona nafuu. Baada ya hapo kila akiacha siku mbili, uso unawaka moto.

Kisha akaniambia neno lililonigusa zaidi: "Daktari, siku hizi naswali safu ya nyuma kabisa, imamu akitoa salamu tu naondoka. Sitaki mtu aniangalie uso." Kijana anakosa kupeana mkono na ndugu zake kwa sababu ya wembe na tyubu ya krimu. Ndiyo maana nimeona tulisome jambo hili kwa utulivu.

VIPELE HIVI NI NINI HASA?

Watu wengi hudhani ni chunusi, uchafu, au "damu mbaya". Si hivyo. Unywele wa mtu mweusi kwa kawaida umejikunja, na hata tundu lake ndani ya ngozi limepinda. Unapokatwa kwa wembe, ncha yake inabaki kali kama mkuki. Ukianza kuota tena, badala ya kwenda juu unajipinda na kuichoma ngozi pembeni, milimita moja au mbili kutoka pale ulipotokea. Wakati mwingine hautoki nje kabisa: wembe umeukata chini ya usawa wa ngozi, nao unatoboa ukuta wa tundu lake ukiwa bado ndani.

Mwili haujui kuwa huo ni unywele wake. Unauona kama mwiba, na kama ilivyo kwa mwiba wowote, unaupiga vita. Mahali panavimba, panawasha, panafanya kipele. Mtu akikwangua kwa kucha, bakteria huingia na usaha hutokea. Kipele kikipona, huacha doa jeusi, na kwa wengine kovu lililoinuka. Kwa hiyo elewa hili mwanzo: chanzo ni unywele uliorudi ndani. Vijidudu huja baadaye, kama wezi wanaoingia nyumba iliyokwisha kuvunjwa mlango.

Vitabu vya magonjwa ya ngozi hutaja kuwa miongoni mwa wanaume weusi wanaonyoa ndevu, kati ya asilimia 45 na 83 hupatwa na tatizo hili kwa kiwango fulani. Mwaka 1974 madaktari wa jeshi la Marekani waliandika juu ya askari weusi waliokuwa wakiteseka kwa kulazimishwa kunyoa kila siku. Mwaka 2004 watafiti walieleza kuwa wapo watu wenye tofauti ndogo ya kurithi katika protini inayoushikilia unywele ndani ya tundu lake, na watu hao hupata vipele hivi kwa urahisi zaidi. Basi usimcheke mwenzako kuwa ni mchafu. Huenda anaoga kukushinda.

USICHANGANYE NA MARADHI MENGINE

Kabla ya kununua dawa, hakikisha unatibu kitu chenyewe. Chunusi hutokea pia usoni juu, mgongoni na kifuani, na huwa na vichwa vyeusi au vyeupe. Vipele vya kunyoa hukaa pale tu wembe unapopita, na ukitazama vizuri kwenye mwanga utaona mara nyingi unywele umejipinda kama kitanzi chini ya ngozi. Fangasi wa ndevu huleta magamba, mabaka ya duara na nywele zinazong'oka kirahisi. Majipu madogo ya bakteria huwa na usaha tangu siku ya kwanza, na kila kipele kina unywele katikati. Vipele vigumu vya kisogoni baada ya kunyoa kichwa ni ndugu wa karibu wa tatizo hili, lakini hufanya makovu makubwa na vinahitaji kuonwa mapema na mtaalamu.

SHERIA INASEMAJE?

Ndugu zangu, tumejifunza madrasa kuwa katika mambo ya maumbile safi, yaani sunan al-fitra, yametajwa matano katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim: kutahiri, kunyoa nywele za kinena, kupunguza masharubu, kukata kucha na kunyofoa nywele za kwapa. Na katika hadithi ya Anas (r.a.) iliyomo katika Sahih Muslim, tumewekewa mpaka wa siku arubaini tusiupite.

Tazama vizuri orodha hiyo. Ndevu za kidevuni hazimo katika vinavyonyolewa. Katika hadithi ya Ibn Umar (r.a.) imeamrishwa kinyume chake, masharubu yapunguzwe na ndevu ziachwe. Wanazuoni wana maelezo yao marefu juu ya hukumu ya anayenyoa, na hapa si mahali pake. Mimi nasema upande wa tiba tu: dawa ya kwanza ya vipele vya ndevu katika kila kitabu cha ngozi ni kuacha kunyoa. Anayefuga ndevu kwa kufuata Sunna amekwisha kupata kinga kabla hajafika dukani.

Kwa kwapa na kinena, Muislamu hana budi kuondoa nywele, lakini sheria haikumbana kwenye njia moja. Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, amesimulia kuwa Yunus bin Abdil-A'la aliingia kwa Imamu Shafii (r.a.) akamkuta kinyozi anamnyoa kwapa. Imamu akaeleza kuwa anajua Sunna ni kunyofoa, lakini hawezi kuyastahamili maumivu. Huyu ndiye imamu wa madhehebu tunayoyafuata wengi wetu katika pwani hii. Kama yeye alichukua wepesi kwa sababu ya maumivu, basi mwenye kutoka majipu kila anaponyofoa naye achukue wepesi. Kupunguza kwa mkasi au mashine kunatosha kuleta usafi.

HATUA YA KWANZA: PUMZISHA WEMBE

Hakuna krimu itakayofanya kazi ikiwa kila asubuhi unaongeza mikuki mipya. Acha kunyoa kwa wiki nne kwa uchache, na kama vipele ni vingi, zaidi ya hapo. Wiki ya kwanza na ya pili vipele vinaweza kuzidi, kwa sababu nywele zilizokatwa bado zinaota na kuchoma. Wengi hukata tamaa hapa na kurudi kwenye wembe. Subiri. Unywele ukifika urefu wa kama sentimita moja, unajifyatua wenyewe na kutoka nje kama springi.

Katika kipindi hicho, chukua kitambaa safi, kichovye maji ya uvuguvugu, ukikande mahali hapo kwa dakika kumi, mara mbili au tatu kwa siku. Ukiona kitanzi cha unywele kimejitokeza juu ya ngozi, kiinue taratibu kwa ncha ya sindano mpya au kibano kilichofutwa kwa spiriti. Nimesema kiinue, usiung'oe. Ukiung'oa, unywele mpya utaota kutoka chini na huenda usiione njia ya kutokea, ukarudi palepale. Na usichimbe kutafuta unywele usioonekana.

Ambaye kazi yake haimruhusu kuacha kabisa, atumie mashine ya kunyolea na aache kimo cha milimita moja hivi. Ndevu za kimo hicho huonekana safi machoni mwa watu na haziwezi kujipinda kurudi ndani.

DAWA ZA KUPAKA: IPI NI YA NINI?

Hapa ndipo penye makosa mengi, kwa hiyo nitaeleza moja moja.

1. Haidrokotisoni ya asilimia 1. Hii ni stiroidi dhaifu. Hutuliza uvimbe na muwasho. Paka kidogo sana, mara moja au mbili kwa siku, kwa siku zisizozidi saba, kisha acha. Ni kama maji ya kuzimia moto: moto ukizimika huendelei kumwaga.

2. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5. Huua bakteria na kufungua matundu ya ngozi. Anza mara moja kwa siku, sehemu ndogo. Ngozi ikikauka au kuwasha sana, paka siku moja uache moja. Tahadhari: inababua rangi ya nguo. Kanzu nyeupe haina hasara, lakini taulo, shuka na shati la rangi vitaharibika.

3. Klindamaisini ya kupaka ya asilimia 1. Hii ni antibiotiki, hutumiwa pale penye usaha, mara mbili kwa siku. Isitumike peke yake kwa miezi, kwa sababu bakteria huzoea dawa. Ikiwekwa pamoja na benzoili peroksaidi, usugu huo hupungua. Iandikwe na mtabibu, usijinunulie tu.

4. Tretinoini ya asilimia 0.025 au adapalini ya asilimia 0.1. Hizi hulainisha tabaka la juu la ngozi ili unywele upate njia. Hupakwa usiku, kiasi cha punje ya mbaazi kwa eneo lote, juu ya ngozi iliyokauka. Anza mara mbili kwa wiki, uongeze polepole. Usitarajie matokeo kabla ya wiki nane. Tretinoini isipakwe wakati mmoja na benzoili peroksaidi: moja iwe asubuhi, nyingine usiku. Mchana jikinge na jua. Mama mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, asitumie dawa za kundi hili.

5. Asidi ya salisiliki ya asilimia 2 na asidi ya glaikoliki. Huondoa seli zilizokufa zinazoziba matundu. Ni msaada mzuri kwa tatizo dogo. Usichanganye na marhamu nzito ya fangasi yenye asidi ya salisiliki na asidi ya benzoiki. Ile ni kwa mashilingi na fangasi wa miguu, usoni itakuunguza.

6. Asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20. Hupunguza vipele na kufifisha madoa meusi bila kuichubua ngozi nzima. Ukiweza kuipata, ni bora mara mia kuliko krimu za kujichubua.

Huna haja ya kutumia zote sita. Kwa wengi hutosha kupumzisha wembe, kupaka benzoili peroksaidi asubuhi na dawa ya namba nne usiku, na haidrokotisoni kwa siku chache za mwanzo tu.

KRIMU ZA KUONDOA NYWELE

Zipo dawa zinazoyeyusha unywele badala ya kuukata. Zina kemikali za jamii ya thioglaikoleti, na za unga huwa na bariamu salfaidi. Zinavunja viungo vya protini ya unywele, na ncha inayobaki ni laini na butu, hivyo haichomi ngozi kwa urahisi. Kwa wenye vipele sugu ni njia nzuri, lakini kwa masharti: jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono na usubiri siku moja au mbili, usizidishe dakika zilizoandikwa kwenye boksi, osha kwa maji mengi, usipake penye kidonda, usirudie kabla ya siku tatu kupita. Na isiguse utando laini wa sehemu za siri wala macho. Wazee wetu katika vitabu vya fiqhi wameitaja nura, dawa ya chokaa ya kuondolea nywele. Fikra si ngeni, ila nura ya zamani ilichanganywa na aseniki, ambayo ni sumu, kwa hiyo usijaribu kuikoroga nyumbani.

Ipo pia krimu ya eflonithini ya asilimia 13.9, inayopunguza kasi ya nywele kuota. Ajabu ya Mola ni kuwa dawa hiyohiyo ya eflonithini, kwa njia ya mishipa, ilipitishwa Marekani mwaka 1990 kutibu malale, ugonjwa wa mbung'o uliowasumbua sana ndugu zetu wa Kongo na kaskazini magharibi mwa Uganda. Mwaka 2000 ikapitishwa kama krimu ya nywele za uso kwa wanawake. Hupakwa mara mbili kwa siku, na ukiiacha nywele hurudi hali yake ya mwanzo baada ya wiki kadhaa. Ni ghali na si rahisi kuipata kwetu.

JIHADHARI NA HIVI

Kwanza, krimu za mchanganyiko. Madukani zipo tyubu zenye dawa tatu kwa pamoja: ya fangasi, ya bakteria, na stiroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli. Mtu hupona haraka kwa siku chache, akadhani amepata muujiza. Kumbe stiroidi inaficha moto chini ya majivu. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaonekana, rangi inapauka, na chunusi mpya zinachipuka. Hii ndiyo iliyomharibu kijana wetu. Ikiwa umeitumia kwa miezi, usiikate ghafla peke yako. Nenda kwa mtabibu akupangie namna ya kuiacha.

Pili, krimu za kujichubua zinazopakwa ili kuondoa madoa. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kuleta weusi wa bluu usiotoka. Zebaki huharibu figo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki iliyozidi sehemu moja katika milioni. Hapa Tanzania kazi ya kusimamia vipodozi ilihamia TBS mwaka 2019. Lakini msimamizi wa kwanza wa uso wako ni wewe. Kopo lisiloandikwa kilichomo ndani, liache.

Tatu, ndimu. Wapo wanaojipaka ndimu wakatoka juani. Maji ya ndimu yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi kwa wiki nyingi. Nne, dawa ya meno, majivu na spiriti kali. Kuchoma si dalili ya kupona. Kuna wanaobishana kama manukato ya spiriti baada ya kunyoa yanafaa kuswaliwa nayo. Kwa mwenye vipele, afya imeshamaliza ubishi: yanaikausha ngozi na kuiwasha, ayaache.

UKINYOA, NYOA HIVI

Ngozi ikishapona na ukalazimika kurudi kwenye wembe, fuata utaratibu huu. Oga kwanza au kanda kwa maji ya uvuguvugu dakika tano, unywele ulainike. Paka povu la kutosha, usinyoe kwa maji matupu. Tumia wembe mpya wenye kisu kimoja. Mashine za visu vitatu au vinne huuvuta unywele wa kwanza na kuukata chini ya ngozi, na huo ndio mlango wa balaa. Nyoa kuelekea upande nywele zinakolala. Shingoni zinalala pande tofauti, papasa kwa kidole ujue. Usiivute ngozi ikakaza. Usipite mahali pamoja mara nyingi kutafuta uso unaong'aa kama sahani. Suuza wembe kila baada ya mpito mmoja. Ukimaliza, osha kwa maji ya baridi na upake mafuta mepesi yasiyo na manukato.

KWAPA NA KINENA, WANAUME KWA WANAWAKE

Dada zetu nao wanateseka kimya kimya kwa aibu. Kinena hakihitaji kuwa laini kama kiganja. Kupunguza kwa mkasi mdogo au mashine kila wiki mbili au tatu, ndani ya zile siku arubaini, ni usafi uliotimia. Wanaotumia nta ya sukari na ndimu wajue kuwa kung'oa kunaweza kusababisha unywele kuota ndani. Ukiona vipele, badilisha njia. Vaa nguo ya ndani ya pamba isiyobana. Dawa kali tulizozitaja za usoni zisipakwe sehemu za siri bila ushauri. Na kidonda cha sehemu za siri kisichopona usikiite "kipele cha kunyoa" mwaka mzima. Nenda kapimwe.

KWA KINYOZI

Wembe hauazimwi, hata baina ya mume na mke au kaka na mdogo wake. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba kwa uchache, katika damu kavu ambayo jicho halioni. Ukienda saluni nenda na wembe wako, au hakikisha unafunguliwa mpya mbele yako. Kwa ndugu zetu vinyozi: brashi nywele zote kutoka kwenye meno ya mashine, kisha futa kwa spiriti ya asilimia 70 baada ya kila mteja. Vifaa vinavyoweza kulowekwa, viloweke dakika kumi katika jiki ya asilimia 3.5 iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji, halafu uvisuuze ili visishike kutu. Na wanaokwenda Hija, mtakaponyoa au kupunguza nywele, kila mmoja awe na wembe wake mpya. Usikubali wembe uliotoka kichwani kwa mwenzako.

UDHU, SWALA NA FUNGA

Wengi huuliza. Krimu nyepesi inayonywewa na ngozi haizuii maji ya udhu. Kinachozuia ni kitu kizito kinachofanya tabaka, hicho kiondoe kwanza. Damu au usaha kidogo wa kipele, kwa madhehebu ya Shafii, haubatilishi udhu, na kilichogusa nguo kutokana na kipele chenyewe kimesamehewa. Usiache jamaa kwa wasiwasi. Krimu ya juu ya ngozi haifunguzi funga. Na anayekusudia kuchinja Udh-hiya akumbuke kujisafisha kabla ya mwezi wa Mfunguo Tatu kuandama, asije akanyoa kwa pupa usiku wa mwisho na kujikata.

LINI UENDE HOSPITALI?

Usisubiri ukiona haya: homa, uvimbe mwekundu au wa moto unaosambaa, jipu kubwa, tezi za shingo zilizovimba, makovu yanayoinuka na kukua, au vipele visivyopungua baada ya wiki sita za kuacha wembe na kupaka dawa kwa usahihi. Mwenye kisukari aje mapema zaidi. Kwa sugu kabisa yapo matibabu ya mionzi ya leza. Mwenye ngozi nyeusi aulize kama ni aina ya Nd:YAG, yenye wimbi la nanomita 1064, kwa kuwa nyingine huweza kumbabua.

Turudi kwa kijana wetu. Tulimwachisha ile krimu hatua kwa hatua, nikamwandikia barua ya kitabibu kwa mwajiri wake aruhusiwe kubaki na ndevu za milimita chache. Wakubali wasikubali, hatukujua. Alhamdulillah, walikubali. Wiki mbili za mwanzo alitaka kukata tamaa. Baada ya miezi mitatu alirudi bila skafu. Madoa bado yapo, na makovu mawili ya chini ya taya yameinuka na huenda yasiondoke. Sikumdanganya juu ya hilo. Lakini aliniambia anaswali safu ya pili, na baada ya swala anakaa.

MUHTASARI WA SOMO

• Chanzo ni unywele uliorudi ndani ya ngozi. Si uchafu wala damu mbaya.
• Dawa ya kwanza ni kupumzisha wembe wiki nne au zaidi. Kitanzi cha unywele kiinue, usiung'oe.
• Stiroidi dhaifu kwa siku chache tu. Krimu za dawa tatu na za kujichubua usiziguse.
• Nyoa ngozi ikiwa laini, kwa wembe mpya wa kisu kimoja, kufuata ulalo wa nywele.
• Wembe hauazimwi.
• Mwajiri Muislamu, na asiye Muislamu, azingatie: ndevu fupi safi hazipunguzi heshima ya kazi.

Tumwombe Allah (s.w.) atupe afya njema, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaojitwaharisha. Toleo lijalo, Insha-Allah, tutazungumzia fangasi wa baina ya vidole kwa wanaotawadha mara nyingi.

Wabillahi tawfiq.